Tangu Jino la Kwanza Hata Rakaa ya Kwanza

 

Ndugu wasomaji, mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miezi minane, ameota meno mawili. Khabari hii ni ndogo, wala singewachosha kwayo, lakini meno hayo yametokea ufizi wa juu, na ya chini hayajaonekana bado. Siku mama yake alipoyaona alicheka, akawaita watu wa nyumbani waje watazame. Akaja pia jirani yetu mmoja, mama mtu mzima tunayemheshimu sana hapa Lulindi. Akamfungua mtoto midomo, akatazama, akanyamaza. Kisha akamvuta mkaza mwanangu kando akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usimwonyeshe kila mtu."

Maneno hayo ni machache, na yule mama aliyasema kwa huruma. Lakini watu wazima tuliokuwapo tulielewa alikusudia nini, na furaha ya nyumba ikazimika kama taa iliyokwisha mafuta. Kwa ajili hiyo nimeshika kalamu, nizungumze na wazazi wenzangu, na vijana watakaokuwa wazazi kesho, juu ya hatua za mtoto mdogo: tangu jino la kwanza linapochomoza hata siku anaposimama kusali rakaa yake ya kwanza.

Mtoto hana mkosi

Fungua kamusi za Kiswahili za zamani, utalikuta neno kigego. Maana yake ni mtoto aliyezaliwa na meno, au aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtoto wa namna hiyo alidhaniwa kuwa ni mkosi kwa jamaa zake, na zamani wako waliouawa au kutupwa kwa sababu hiyo. Leo hatusikii kuuawa, tumshukuru Mungu. Lakini mnong'ono umebakia, na mnong'ono nao hudhuru. Mtoto hukua akitazamwa kwa jicho la wasiwasi. Mvua ikikosekana, au mikorosho ikishikwa na ugonjwa, au baba akianguka na baiskeli, jicho hilo humgeukia yeye.

Tuwaulize waganga wa hospitali, nao watatuambia kwamba watoto wengi huota kwanza meno mawili ya mbele ya chini, yapata mwezi wa sita. Wako wanaowahi, na wako wanaochelewa hata kufikia mwaka. Wako pia wanaoanza kwa yale ya juu, wala si ugonjwa wala si dalili ya jambo lo lote. Ni kama mihindi ya shamba moja: mmoja huchomoza leo na mwenziwe kesho kutwa, na mkulima haung'oi uliotangulia kwa sababu umetangulia.

Sisi Waislamu tunayo hoja kubwa zaidi. Mtume wetu (S.A.W.) alipata mtoto wa kiume kwa Bibi Mariya, akamwita Ibrahimu. Mtoto yule alifariki angali mchanga, hajatimiza miaka miwili, katika mwaka wa 10 wa Hijra. Siku hiyo jua likapatwa, na watu wakasema kwamba jua limepatwa kwa kifo cha mwana wa Mtume. Hebu fikiri, msomaji. Baba yuko katika huzuni, na watu wanamletea heshima kubwa namna hiyo. Lau angekuwa mtu wa kutafuta utukufu wa dunia, angenyamaza tu. Hakunyamaza. Alisimama akawafunza kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake.

Basi, ikiwa jua halikubadili mwendo wake kwa kifo cha mwana wa Mtume, itakuwaje mvua ya Lulindi izuiliwe na meno mawili ya mtoto mchanga? Na katika Sura ya At-Takwir tunakumbushwa kwamba mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa Siku ya Kiyama ni kwa kosa gani aliuawa. Swali hilo linawahusu pia wanaouzika utoto wa mtoto kwa maneno.

Kosa langu mwenyewe

Yawezekana msomaji akasema, "Maalim anaona rahisi kuwahukumu akina mama wazee." La. Nitasimulia langu, na wala si jema.

Mwaka 1998 mwanangu wa kwanza, ambaye ndiye baba wa mjukuu huyu, alikuwa na miezi saba. Ulikuwa msimu wa korosho, nasi tulikuwa tukilala shambani. Mtoto akashikwa na homa na kuharisha. Siku ya pili akawa mlegevu. Akaja mtu akamtazama kinywani, akatuonyesha vivimbe vyeupe katika ufizi, mahali pa chonge. Akasema, "Haya ni meno ya plastiki. Yasipotolewa mtoto atakufa, na hospitali hawayajui."

Mke wangu alitaka twende hospitali. Mimi, mwalimu wa chuo, ambaye juma lile lile nilikuwa nikiwasomesha watoto wa watu kwamba kudhuru na kunufaisha ni kwa Mwenyezi Mungu, niliogopa. Nilitoa fedha kwa mkono wangu. Mtoto akashikwa mikono na miguu, na ufizi wake ukachokolewa kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Sauti ya kilio kile ningali ninaisikia. Damu haikukoma upesi, na kuharisha hakukukoma kabisa. Usiku ule mke wangu hakuningoja tena: alimfunga mtoto mgongoni akaenda, nami nikamfuata nyuma kwa aibu. Hospitalini wakamtia maji mwilini, wakamtibu kidonda. Mungu akamponya.

Vile vivimbe havikuwa plastiki wala havikuwa ugonjwa. Yalikuwa meno ya mtoto yenyewe, chonge za utotoni ambazo wakati wake wa kutoka ulikuwa haujafika. Na nyuma ya kila jino la utotoni hujificha chembe ya jino la ukubwani. Anayechokoa la kwanza huweza kuliharibu na la pili. Mwanangu leo ni mtu mzima, na kila anapocheka huonekana pengo upande wa kushoto, mahali ambapo jino halikuota tena. Hajapata kunilaumu. Lakini pengo lile ninalisoma kila siku kama mstari wa kitabu.

Desturi hii ya kuchokoa meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita meno ya nailoni, si ya wazee wetu wa kale, kama wengi wanavyodhani. Katika nchi yetu ilianza kusikika sana miaka ya 1980, ikaenea mikoa mingi, na nchi jirani pia zinaijua. Watoto wamepata kutokwa na damu nyingi, wamepata vidonda na sumu ya damu, na wako waliokufa.

Kwa nini mtoto huharisha wakati wa meno?

Mzazi huuliza, "Mbona kuharisha na meno huja pamoja?" Ni swali la haki, na jawabu lake lataka kufahamiwa. Katika miezi ile ile meno yanapokaribia, mambo matatu hutokea. Mtoto huanza kutambaa, na kila akiokotacho chini hukitia kinywani. Huanza kupewa uji na maji, na huenda maji hayo hayakuchemshwa au chombo hakikuoshwa vema. Tena kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama yake huanza kupungua. Basi ugonjwa huingia kwa mkono mchafu na kikombe kichafu, na jino husingiziwa kwa kuwa ndilo lililoonekana.

Twajua shida yetu ya maji. Ndugu zetu wa juu, katika uwanda wa Makonde huko Newala, tangu zamani akina mama wameteremka mabondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Maji yanayopatikana kwa taabu hiyo huonewa uchungu kumwagwa kwa kunawa mikono. Lakini kikombe kimoja cha kunawa kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto, na baada ya kumsafisha, ni rahisi kuliko safari ya usiku ya kwenda hospitali.

Mtoto akiharisha, kinachomuua ni kukaukiwa na maji mwilini. Kwa hiyo asiachishwe ziwa, bali anyonyeshwe zaidi. Apewe maji ya dawa ya ORS, yaliyochanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na anyweshwe kidogo kidogo kila mara. Zahanati pia humpa vidonge vya zinki, navyo vyatakiwa kumezwa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Na mkiona macho yamedidimia, au mtoto hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au amelegea, au ameshikwa na degedege, au choo kina damu, msingoje mashauri ya jirani. Nendeni saa ile ile. Mtume (S.A.W.) alituamrisha tujitibu, akatufunza kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Dua na dawa ni ndugu wawili, wala hakuna aliyetuambia tuwagombanishe.

Tunayoyashangilia na tunayoyasahau

Tumejaaliwa dini yenye kumpokea mtoto vizuri. Huadhiniwa sikioni, hutiwa tende iliyolainishwa kinywani, na siku ya saba hupewa jina, hunyolewa nywele na kuchinjiwa akika: mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, kwa mwenye uwezo. Na sisi watu wa huku, Wamakua, Wayao na Wamakonde, hatuna upungufu wa sherehe. Kwa ajili ya jando na unyago, nyumba huweka akiba miezi mingi, na fedha za korosho zilizolipwa kwa njia ya vyama vya msingi hutoka bila mtu kunung'unika.

Lakini baina ya akika na jando iko miaka mingi isiyo na ngoma. Katika miaka hiyo hakuna mgeni wa kutazama, na ndiyo miaka ambayo mtoto hujengeka. Kwa ngoma ya siku mbili tuna akiba. Kwa nauli ya kumpeleka mtoto zahanati twasema hatuna. Hili ndilo jambo ninalotaka tulifikiri.

Hebu tuzihesabu hatua zisizo na sherehe. Chanjo ya kwanza hutolewa mtoto anapozaliwa. Nyingine hufuata katika juma la 6, la 10 na la 14. Ya surua na rubela hutolewa mwezi wa 9, kisha hurudiwa mwezi wa 18. Hatua hiyo ya mwisho wengi huisahau, kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea na mama amechoka kupanga foleni. Iko pia siku ya kupima uzito kila mwezi, na siku ya kuchukua cheti cha kuzaliwa, ambacho mtoto atakitaka aingiapo shule.

Kuna na hatua za mwili wake. Kwa kawaida mtoto hukaa mwenyewe karibu na mwezi wa saba au wa nane. Wengi hutembea baina ya mwezi wa 9 na wa 18. Maneno ya kwanza huja yapata mwaka mmoja. Aliyefika mwezi wa 18 hatembei apelekwe kutazamwa, wala asifichwe. Na lile sikio tulilolisomea adhana, tulitazame pia kama linasikia: mtoto asiyegeuka aitwapo kwa nyuma huenda si mkaidi, bali hasikii.

Kisha yako maziwa. Miezi sita ya kwanza ziwa la mama latosha, bila maji wala uji. Baada ya hapo huongezewa chakula, naye huendelea kunyonya hata miaka miwili, nao ndio muda uliotajwa katika Sura ya Al-Baqara kwa anayetaka kukamilisha. Uji wa muhogo peke yake hujaza tumbo lakini haujengi mwili. Uchanganywe na karanga au korosho zilizosagwa laini, au ugeuzwe uwe wa mtama. Na mtoto apewe mbaazi zilizopondwa, yai, dagaa, mboga za majani, papai na embe. Vyote hivi viko mashambani petu, na vingine twaviuza tukanunua soda.

Katika aya ile ile ya maziwa liko jambo ambalo wanaume tunalipita upesi. Mwenyezi Mungu amemwekea baba wajibu wa kumlisha na kumvika mama anyonyeshaye, na kumwachisha mtoto ziwa mapema kumewekwa kuwa ni kwa kuridhiana na kushauriana wawili hao. Kumbe hata ziwa ni jambo la baba kushauriana! Kwetu sisi, ambao ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, baba mvivu hupata kisingizio: "Watoto ni wa wajomba." Mjomba ana heshima yake na msaada wake, wala sisemi aondolewe. Lakini Siku ya Kiyama mjomba hatajibu kwa niaba ya baba.

Msimu wa korosho

Kuanzia Oktoba hata mwisho wa mwaka, na pengine Januari, nyumba zetu hubakia tupu. Wazazi wako chini ya mikorosho tangu alfajiri, na mtoto mchanga ameachwa na dada yake wa miaka saba au minane, ambaye naye ni mtoto. Mimi nayajua matokeo, maana huletwa chuoni. Nikimpokea mtoto wa miaka mitano, kabla ya kumwekea alifu na bee mbele yake, najua kama nyumbani huzungumzishwa. Mwenye kuzungumzishwa huuliza. Asiyezungumzishwa hutazama chini, na hujikunja kila mtu mzima anapoinua mkono, hata kama mkono ule ni wa kumpa chaki.

Wala si fedha inayotakiwa hapa. Mtume (S.A.W.) alisali hali amembeba Umama, binti wa binti yake Zainabu, akisujudu humweka chini, na akisimama humbeba tena. Alikuwa akisikia kilio cha mtoto msikitini huifupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Na mtu mmoja, Al-Aqra bin Habis, alipomwona akimbusu mjukuu wake Hasan, alisema kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamjibu kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Je, baba wa Lulindi anayerudi jioni kutoka shambani hana nafasi ya kumpakata mtoto kwa muda wa kunywa kikombe cha chai?

Jino linapong'oka

Mwenyezi Mungu amepanga mambo kwa hekima ya ajabu. Mtoto hutimiza meno yake 20 ya utotoni yapata mwaka wa tatu. Yakifika miaka sita au saba, la kwanza hulegea. Hulitikisa kwa ulimi, hulionyesha kwa wenzake, na likitoka wengi hulirusha juu ya paa wakicheka. Umri huo huo ndio aliotuagiza Mtume (S.A.W.) tuwaamrishe watoto sala, yaani miaka saba. Jino la maziwa linapotoka, sala inaingia.

Nawaomba wazazi waitazame hadithi hiyo vizuri. Baina ya miaka saba ya kuamrishwa na miaka kumi, ambapo mambo hukazwa na malalo hutenganishwa, iko miaka mitatu. Miaka mitatu kwa sala tano kila siku ni zaidi ya mara 5,000 za kumwita mtoto kwa upole: "Mwanangu, wakati umefika, njoo tusimame." Baba anayemwita kwa kiboko siku ya kwanza ameziruka zote hizo. Na mama anayesema, "Atasomeshwa na Maalim," ajue kwamba mimi humpata mtoto saa mbili kwa siku. Saa zilizobakia ni zenu. Humfundisha Al-Fatiha, lakini kama ina maana, huipata kwa kumwona baba akiisoma.

Mwisho

Nirudi kwa mjukuu wangu. Jioni ile, baada ya jirani kuondoka, mkaza mwanangu alikaa mlangoni kimya, amemfunika mtoto uso kwa kanga. Mwanangu akarudi kutoka shambani, akauliza kuna nini, akaambiwa. Akamchukua mtoto, akamfunua kanga, akamtazama meno yale mawili, akacheka sana, na pengo lake likaonekana. Akasema, "Huyu amenishinda. Yeye anayo ya juu, mimi sina." Wote tukacheka, hata mimi, ijapokuwa macho yangu yalikuwa na maji.

Asubuhi yake, ambayo ilikuwa siku ya kupima uzito, alimbeba yeye mwenyewe mpaka zahanati, uso wazi, akipita mbele ya nyumba ya jirani yetu na kumtolea salamu. Yule mama akaitikia, akaomba ampakate mtoto. Akapewa. Akamtazama tena kinywani, mara hii mchana na mbele ya watu, akasema, "Mashaallah, meno mazuri."

Twamwomba Mwenyezi Mungu Awajaalie watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, Atusamehe tuliyowakosea kwa ujinga na kwa khofu, na Atupe elimu ya kuwalea kabla ya kuulizwa juu yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.